Unataka kuwa nani? Jibu kwa Kijerumani

Leo tunaanza na swali ambalo umeshaulizwa mara nyingi mpaka umelichoka: ukimaliza shule unataka kuwa nani? Ingia darasa lolote la kidato cha pili, iwe Kibaha au Kisarawe, uliza swali hilo, majibu yatamiminika. Daktari! Mwanasheria! Rubani! Nesi! Mwanajeshi! Sasa uliza swali la pili: kwa nini? Darasa linapoa. Uliza la tatu: utafikaje huko? Hapo utaona wengine wameanza kuangalia dirishani.

Safari hii tutajaribu kuyajibu maswali hayo matatu kwa Kijerumani. Najua wapo watakaoguna, "Kijerumani tena? Kiingereza chenyewe kinatutoa jasho!" Subiri kidogo. Katika klabu za afya tunazozitembelea kuna swali ambalo siku hizi halikosekani, na kwa kawaida huulizwa kwa sauti ya chini baada ya kipindi kuisha: "Eti dada, ni kweli Ujerumani wanatafuta manesi?"

Jibu ni ndiyo, wanawahitaji wauguzi na mafundi wa aina nyingi. Lakini nchi hiyo haimpokei mtu kwenye wodi kama hawezi kuzungumza na mgonjwa kwa lugha ya mgonjwa. Na kuna jambo lingine ambalo mimi naliona kubwa zaidi: kijana anayeweza kueleza mwenyewe, kwa sentensi zake mwenyewe, anataka kazi gani, kwa nini, na kwa njia ipi, ni vigumu kumdanganya. Anayetegemea mtu mwingine amsemee, huyo ndiye anayeuzwa.

Tena usidhani Kijerumani ni kigeni kabisa kwako. Neno "shule" limetoka kwa Wajerumani, wao huandika Schule. "Hela" ni Heller, sarafu iliyotumika hapa nchini wakati wa utawala wao. Na ukienda hospitali kufanyiwa upasuaji, ile dawa ya usingizi wazee wetu waliiita nusukaputi. Kaputi ni kaputt ya Kijerumani, yaani kitu kilichokwisha kazi, kilichokufa. Nusukaputi basi ni nusu kufa! Kisarawe ndiyo kabisa: miaka ya 1890 wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua vituo Kisarawe na Maneromango, kwa hiyo lugha hii iliwahi kusikika katika vilima hivyo kabla babu zetu hawajazaliwa.

KUWA NA KUWA

Hebu tazama sentensi hizi mbili za Kiswahili. "Nataka kuwa mkweli." "Nataka kuwa daktari." Neno ni lile lile, kuwa. Lakini ya kwanza unaweza kuitimiza leo hii jioni, ya pili itakuchukua miaka. Kiswahili hakituhangaishi na tofauti hiyo, tunaelewana tu.

Wajerumani wana maneno mawili. La kwanza ni sein, yaani kuwa katika hali fulani sasa hivi. Ich bin Schülerin, mimi ni mwanafunzi, anasema msichana. Ich bin Schüler, anasema mvulana. La pili ni werden, yaani kuwa kile ambacho bado hujawa. Korosho ukiifukia ardhini kule Kisarawe inakuwa mche, mche unakuwa mkorosho, na mkorosho hauzai wiki ijayo. Safari yote hiyo ni werden. Kwa hiyo ukitaka kusema ndoto yako ya kazi, neno lako ni werden, na sentensi ya kwanza ya kushika ni hii:

Ich möchte Ärztin werden.
Ningependa kuwa daktari. (Msichana anasema.)

Ich möchte Arzt werden.
Ningependa kuwa daktari. (Mvulana anasema.)

Matamshi kwanza, maana hapo ndipo watu huona haya. Herufi w husomwa kama v ya "vazi", kwa hiyo werden inasikika karibu na "veeden". Herufi z husomwa "ts". Ile ö yenye vitone viwili, kunja mdomo kana kwamba unataka kusema "o", halafu ukiwa umeukunja hivyo hivyo sema "e". Utachekwa darasani, si neno, wote mtacheka. Na ch ya ich si "ch" ya "chai". Ni sauti laini ya pumzi inayopita juu ya ulimi, katikati ya "sh" na "h".

Sasa tuitazame sentensi yenyewe. Kitenzi möchte kiko nafasi ya pili, na werden kimetupwa mwisho kabisa. Jina la kazi linakaa katikati. Ukishaona hivyo, unaweza kuingiza kazi yoyote pale katikati na sentensi isivunjike. Mkunga ni Hebamme. Mfamasia ni Apotheker, na wa kike ni Apothekerin. Mwalimu ni Lehrer au Lehrerin. Mhandisi ni Ingenieur au Ingenieurin. Mpishi ni Koch au Köchin. Dereva wa treni ni Lokführer au Lokführerin, na wewe unayeishi Soga na kuiona treni ya umeme ikipita tangu 2024, usicheke, kuna mtu lazima aiendeshe.

Umeona ule mkia wa -in? Kiswahili chetu hakijali kama daktari ni mwanamume au mwanamke, daktari ni daktari. Kijerumani kinajali. Msichana akisema Arzt, ataeleweka, lakini Mjerumani atatarajia aseme Ärztin. Mimi binafsi naupenda mkia huu, kwa sababu unamlazimisha binti ajitaje mwenyewe ndani ya kazi. Ingenieurin. Hakuna anayeweza kudhani kwamba alikuwa anamzungumzia kaka yake.

Lipo pia neno la nesi, na hapa uwe mwangalifu na vitabu vya zamani. Vingi vitakupa Krankenschwester. Kranken ni wagonjwa, Schwester ni dada, kwa hiyo ni dada wa wagonjwa, sawa kabisa na sisi tunavyomwita nesi "sista". Neno hilo bado linasikika wodini. Lakini tangu mwaka 2020 mtu anayehitimu mafunzo mapya ya uuguzi Ujerumani anaitwa Pflegefachfrau akiwa mwanamke, na Pflegefachmann akiwa mwanamume. Ni maneno marefu, yagawe: Pflege ni uangalizi au uuguzi, Fach ni taaluma, Frau ni mwanamke, Mann ni mwanamume. Kwenye barua ya kuomba nafasi andika hilo jipya. Hebamme halina shida hiyo, sheria mpya ya ukunga ya mwaka huo huo wa 2020 ililifanya kuwa jina la wote, wanawake na wanaume.

Mitego miwili kabla hatujaendelea. Wa kwanza, usiweke ein au eine mbele ya jina la kazi, yaani usiseme Ich möchte ein Arzt werden. Kiswahili kinakusaidia hapa, maana sisi pia tunasema "nataka kuwa daktari" bila "mmoja". Waliozoea kutafsiri kutoka Kiingereza ndio wanaokosea. Na mtego wa pili nao ni wa hao hao. Kuna kitenzi cha Kijerumani bekommen ambacho masikioni kinafanana na "become" ya Kiingereza. Maana yake ni kupata. Mtu akisema Ich möchte eine Krankenschwester bekommen, hajasema anataka kuwa nesi. Amesema anaomba apatiwe nesi, na kama yuko hospitali ataletewa kweli!

NATAKA, NINGEPENDA, NITAKUWA

Dukani hapa kwetu mtoto akisema "nataka sukari nusu kilo", muuza duka atampimia bila kununa sana, ingawa aliyefunzwa vizuri nyumbani atasema "naomba". Kwa Wajerumani will, yaani nataka, ni neno zito. Ich will Ärztin werden maana yake nimeamua, msinizuie. Si kosa. Ukimwambia hivyo mjomba anayetaka uache shule, ni sentensi nzuri sana. Lakini ukiwa unaomba nafasi kwa mtu usiyemjua, tumia möchte, ningependa. Unabaki na adabu yako na msimamo wako haupungui.

Halafu kuna Ich werde Ärztin. Hii haina möchte wala will. Ni "nitakuwa daktari", au "naelekea kuwa daktari". Husemwa na mtu ambaye tayari yuko njiani, kwa mfano yuko chuoni mwaka wa pili. Ukiisema ukiwa kidato cha kwanza hakuna atakayekukamata, ila jiulize kwanza kama kweli umeshaanza safari.

Adabu nyingine iko kwenye neno "wewe". Wanafunzi wenzako watakuuliza Was möchtest du werden? Mkuu wa chuo au mtu wa hospitali atakuuliza Was möchten Sie werden? Swali ni moja, unataka kuwa nani, ila du ni la rafiki, ndugu na mtoto, na Sie ni la heshima na huandikwa kwa herufi kubwa. Mwanafunzi wa Tanzania aliyezoea kumwamkia mwalimu shikamoo hahitaji kuelezwa sana. Kwa mtu usiyemjua, anza na Sie, hata kama ni kijana mwenzako aliyekaa nyuma ya meza ya ofisi.

WEIL, AU LILE SWALI LA KWA NINI

"Kwa sababu" ni weil. Ni neno dogo lenye tabia ya ajabu: likiingia tu, kitenzi cha sehemu hiyo kinakimbilia mwisho. Tazama:

Ich möchte Hebamme werden, weil die Frauen in meinem Dorf einen weiten Weg zur Klinik haben.
Ningependa kuwa mkunga, kwa sababu wanawake wa kijijini kwetu wana safari ndefu mpaka kliniki.

Umeona haben, yaani "wana", ilivyokaa mwisho kabisa? Msikilizaji wa Kijerumani anangoja mpaka neno la mwisho ndipo ajue kilichotendeka.

Sasa nikwambie siri. Waulize vijana mia moja kwa nini wanataka kuwa wauguzi, karibu wote watajibu weil ich Menschen helfen möchte, kwa sababu napenda kusaidia watu. Ni sentensi sahihi, na ni nzuri. Tatizo ni kwamba anayekuhoji ameshaisikia tangu asubuhi, na haimwambii chochote kuhusu wewe. Fundi bomba naye anasaidia watu. Toa sababu iliyo yako. Mvulana wa Kibaha anayekaa karibu na barabara kuu, anayejua jinsi majeruhi wa ajali wanavyokimbizwa Hospitali ya Tumbi, anaweza kusema:

Ich möchte Notfallsanitäter werden, weil auf der Morogoro Road viele Unfälle passieren.
Ningependa kuwa mhudumu wa dharura wa gari la wagonjwa, kwa sababu barabara ya Morogoro inatokea ajali nyingi.

Au binti anayependa maabara kuliko wodi, na ambaye amesikia kwamba pale Kibaha kuna kiwanda kinachotengeneza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, anaweza kusema:

Ich möchte Biologin werden, weil mich Mücken und Malaria interessieren.
Ningependa kuwa mwanabiolojia, kwa sababu nina hamu ya kujua habari za mbu na malaria.

Na je, kama sababu yako ni pesa? Vijana wengi wanaona aibu kuisema, lakini njaa haina aibu. Weil ich meine Familie unterstützen möchte, kwa sababu nataka kuitunza familia yangu. Hiyo nayo inakubalika, ila iwe ya pili, baada ya kueleza kwa nini kazi ni hiyo na si nyingine yenye mshahara sawa.

Neno la Kijerumani la kazi ya taaluma ni Beruf. Ndani yake kuna rufen, yaani kuita. Kwa maneno mengine, ni wito, kama sisi tunavyosema ualimu ni wito. Isipokuwa siku hizi Mjerumani husema Beruf hata kwa kazi ambayo hakuna aliyemwita, aliitafuta mwenyewe.

UTAFIKAJE HUKO?

Hapa ndipo werden inapodai haki yake. Maneno ya kupanga hatua ni zuerst, kwanza, danach, baada ya hapo, später, baadaye. Ukianza sentensi na mojawapo, kitenzi lazima kifuate hapo hapo, na "mimi" ijipange nyuma yake:

Zuerst möchte ich die Sekundarschule abschließen. Danach möchte ich drei Jahre Krankenpflege lernen. Später möchte ich in Kisarawe arbeiten.

Kwanza nimalize sekondari. Kisha nijifunze uuguzi miaka mitatu. Baadaye nifanye kazi Kisarawe. Ndiyo, Kisarawe! Hakuna kanuni inayosema anayeongea Kijerumani lazima aondoke. Watalii wanaokuja na Kijerumani chao wanahitaji mwongozaji, na madaktari wa kujitolea wanahitaji mtu wa kuwaeleza mgonjwa anasema nini. Nakuhimiza uwe na sentensi moja ya kazi ya hapa nyumbani, hata kama moyo wako uko mbali.

Wanaotaka kwenda, wajue njia yenyewe ilivyo. Kuna kitu kinaitwa Ausbildung, mafunzo ya kazi. Ya uuguzi huchukua miaka mitatu, nusu darasani na nusu wodini, na mwanafunzi hulipwa. Katika hospitali nyingi za umma posho hiyo ni zaidi ya euro 1,000 kwa mwezi kabla ya kodi na bima. Ukisikia hivyo usianze kuzidisha kwa shilingi, maana chumba, chakula na nauli vya kule navyo hulipwa kwa euro. Vyeti vyako vya shule lazima vitambuliwe, na Kijerumani chako kiwe kimepimwa kwa mtihani. Ngazi zinaanza A1, A2, B1, B2, C1 mpaka C2. Kwa Ausbildung kwa kawaida huombwa B1, na kwenye uuguzi vyuo vingi hutaka B2. Nesi ambaye tayari amehitimu hapa nyumbani kwa kawaida huhitaji B2 ili cheti chake kikubaliwe. Daktari hupimwa pia lugha ya kitaalamu, kiwango cha C1. Kutoka A1 kufika B2 ni kazi ya miezi mingi ya kusoma kila siku. Atakayekuahidi wiki sita, mwache na wiki zake.

Pa kuanzia pako karibu kuliko unavyodhani. Dar es Salaam kuna taasisi ya Goethe-Institut yenye madarasa na mitihani. Deutsche Welle, redio ambayo wazazi wako wanaijua kwa idhaa yake ya Kiswahili iliyoanza mwaka 1963, ina masomo ya Kijerumani yasiyo na malipo. Na kwa anayefikiria chuo kikuu, shirika la DAAD hutoa ufadhili, hasa kwa shahada za juu.

MWALIMU KUTOKA BAGAMOYO

Mkoa wetu wa Pwani ulishatoa mtu aliyeipita njia hii zamani sana. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mzaliwa wa Dunda, upande wa Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki, na maandishi yake juu ya mila za Waswahili yalichapishwa kule mwaka 1903. Fikiria, Mswahili amesimama mbele ya darasa la Wajerumani, yeye ndiye mwalimu!

Lakini habari yake haiishii kwenye makofi. Ujerumani alikumbana na ubaguzi. Akaoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 walipotaka kurudi nyumbani pamoja, serikali ya kikoloni hapa ilikataa mkewe ateremke naye. Wakarudishwa Ulaya. Aliendelea kufundisha na kutoa mihadhara, na alifia Berlin mwaka 1927 bila kuiona tena Bagamoyo. Nyakati zimebadilika, sheria za kikoloni hazipo. Ubaguzi haujaisha, na anayepanga safari afadhali alijue hilo akiwa bado Kibaha. Lugha haiwezi kuuzuia, ila inakuwezesha kuujibu, na kulalamika mahali panapostahili.

"NIPE LAKI TANO NIKUFANYIE MPANGO"

Mwezi Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin. Siku ile ile zikaenea habari kwamba Wakenya 250,000 watapewa kazi. Serikali ya Ujerumani ikakanusha: makubaliano hayana idadi yoyote. Lakini uvumi ulikuwa umeshapanda basi, ukashuka mpaka huku kwetu, na Tanzania wala haikuwemo kwenye karatasi ile. Uvumi kama huu ndio chakula cha matapeli.

Kwa upande wa kazi za afya kuna jambo ambalo matapeli hawatakwambia. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Tanzania imo katika orodha ya mwaka 2023. Kanuni za ajira za Ujerumani zinasema kwamba kuandikisha watu wa nchi za orodha hiyo kwa kazi za afya na uuguzi ni kazi ya shirika lao la serikali tu, Bundesagentur für Arbeit. Mtu binafsi hana ruhusa hiyo. Wewe mwenyewe unaweza kuandika maombi yako, hukatazwi. Lakini anayekuja mtaani akijiita wakala wa manesi wa Ujerumani na kudai laki tano ya "kufungua faili", mpigie hesabu mwenyewe. Hapa nchini pia, kwa sheria ya mwaka 1999 ya kukuza ajira, wakala binafsi lazima awe na leseni ya serikali. Muulize leseni iko wapi, kisha kaulizie ofisi ya kazi ya mkoa.

Dada zangu, kwenu nina neno la ziada. Wapo wanaume watu wazima watakaokwambia wana ndugu Ujerumani, watakutafutia nafasi, uje tu uwaone nyumba ya wageni tuzungumze. Mazungumzo ya Ausbildung hayafanyiki nyumba ya wageni. Hayahitaji picha zako za faragha. Na pasipoti yako inakaa mfukoni mwako, hata kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo pamoja na sentensi za ndoto, jifunze na hizi za kujilinda:

Wer ist mein Arbeitgeber? Mwajiri wangu ni nani?
Darf ich den Vertrag lesen? Naruhusiwa kuusoma mkataba?
Wie viele Stunden arbeite ich pro Woche? Nitafanya kazi saa ngapi kwa wiki?
Ich unterschreibe nichts, was ich nicht verstehe. Sisaini nisichokielewa.

Hiyo ya mwisho ifanyie mazoezi kwa sauti mpaka itoke bila kigugumizi. Inafaa hata kwa Kiswahili, hata kwenye mkopo wa pikipiki.

Kuna mvulana mmoja wa kidato cha tatu aliyetuuliza swali ambalo nimelibakiza: je, kama mtu hajui bado anataka kuwa nani, anasemaje? Wenzake walimcheka. Swali lake lina jibu zuri tu, na si aibu kulitoa hata mbele ya Mjerumani:

Ich weiß noch nicht, was ich werden möchte.
Sijajua bado ningependa kuwa nani.

Tazama möchte ilivyokwenda kukaa mwisho, nyuma ya werden. Ni ile ile tabia ya weil: was nayo, ikiwa katikati ya sentensi hivi, inakisukuma kitenzi mpaka mlangoni. Na noch nicht ni "bado". Akikuuliza tena mwakani, jibu linaweza kuwa jingine.